Matone ya Mwaka 1958

Machi 2022 tulikuwa tunakaa Area 23, Lilongwe, kwenye chumba cha kupanga: mimi, mume wangu, watoto watatu na mama mkwe. Asubuhi moja nikasikia "Odi!" mlangoni. Sikuitikia. Nilimkumbatia kitinda mimba wangu, nikanyamaza mpaka wakaondoka. Kupitia dirishani niliwaona: wahudumu wa afya wawili na kisanduku chao cha barafu. Walikuwa wameleta matone ya polio.

Nieleze kwanza kwa nini nilijificha, maana ndugu zetu wanaofanya kazi kwenye mashirika wakiona mlango umefungwa wanasema, "Hawa hawajaelimika."

Mwaka mmoja nyuma, tarehe 5 Machi 2021, dozi 360,000 za chanjo ya Korona zilifika Malawi kwa mpango wa COVAX. Tarehe 11 Rais Chakwera alichanjwa kule Zomba, watu wakiona. Ugonjwa haukuwa mchezo: Januari hiyo mawaziri wawili walikufa kwa Korona siku moja. Mimi nilitaka kuchanjwa, kweli kabisa. Lakini miezi hiyo hiyo serikali ilitangaza kwamba wakimbizi wote wanaokaa nje ya kambi wawe wamerudi Dzaleka ifikapo tarehe 28 Aprili. Mahakama ilisimamisha amri ile, lakini hofu haikusimama. Na ukienda kuchanjwa wanaandika jina, namba ya simu na mahali unapokaa. Mtu aliyeambiwa atoke mjini, ataandika kwa mkono wake kwamba anakaa Area 23?

Alafu maneno yakawa mengi. Aprili 2020 madaktari wawili wa Ufaransa walikuwa wamezungumza kwenye televisheni kuhusu kujaribu chanjo ya kifua kikuu dhidi ya Korona huku Afrika. Mkuu wa Shirika la Afya Duniani aliwakemea, lakini video ilikuwa imeshazunguka simu zetu zote. Tarehe 19 Mei 2021, hapa Lilongwe, serikali ikachoma hadharani dozi 19,610 zilizopita muda. Zilitoka katika shehena iliyofika ikiwa imebakiza chini ya wiki tatu. Waliichoma ili watu waamini kwamba hakuna atakayechomwa sindano iliyoharibika. Uani kwetu watu walisoma kinyume: "Si mnaona? Hata wao wameichoma."

Basi usiku ule wa Machi nilimwambia mama mkwe kwamba wahudumu walikuja, nikawaficha mtoto. Nilidhani atanisifu. Yeye akaniuliza, "Walikueleza ni dawa ya nini?" Nikasema sikuwafungulia. Akakaa kimya, kisha akanihadithia.

Alizaliwa bonde la Ruzizi, upande wa Uvira. Alikuwa na miaka kama saba. "Walitupanga mstari, wakubwa na watoto. Wakatupulizia kitu mdomoni. Nikamuuliza mama ni nini. Akaniambia nyamaza, ni ya serikali."

Nimetafuta habari hiyo baadaye, na iko kwenye maandishi. Mwaka 1958 madaktari wa serikali ya Kibelgiji waliwapa watu zaidi ya 215,000 wa bonde la Ruzizi, Kongo na Ruanda-Urundi, chanjo mpya ya polio ya kunywa, ndani ya wiki sita hivi. Iliitwa CHAT, na aliyeitengeneza ni Hilary Koprowski wa Philadelphia. Ilikuwa bado inapimwa duniani. Taarifa yake ilichapishwa mwaka huo huo katika jarida la madaktari la Uingereza. Watu wale, kwa lugha ya ofisi za wakati ule, waliitwa *indigènes*, yaani wenyeji. Hao ni wazazi na mababu wa wengi wetu hapa Dzaleka.

Wengine kambini wanasema matone yale ndiyo yaliyoleta UKIMWI. Si kweli. Sampuli za chanjo zilizokuwa zimehifadhiwa zilipimwa. Hazikukutwa na virusi hivyo. Tena uchunguzi wa virusi vyenyewe unaonyesha vilikuwa vimeshaanza kuenea kwa watu miaka mingi kabla ya 1958. Lakini uvumi huo ulipata udongo wa kuota. Mtoto wa miaka saba aliuliza swali, akaambiwa nyamaza. Swali lile lilivuka ziwa, likapita Tanzania, likafika nasi Malawi.

Kesho yake wale wahudumu walirudi. Safari hii walikuja na dada mmoja Mkongomani, jirani yetu wa mtaa wa pili. "Jambo, mama," alisema, akakaa chini mkekani. Mama mkwe aliuliza mambo matatu: ni dawa gani, kwa nini sasa, na mtoto akiugua nimtafute nani.

Dada alijibu moja moja. Tarehe 17 Februari serikali ilitangaza kwamba mtoto wa kike wa miaka 3 hapa Lilongwe alikuwa amepooza kwa polio. Malawi haikuwa imeona polio ya namna hiyo tangu 1992. Virusi vyake vilifanana na vya Pakistan, yaani havikuuliza mpaka wala kitambulisho. Watoto milioni 2.9 wa chini ya miaka mitano nchini walitakiwa kupewa matone, wenyeji na wakimbizi sawa. Hatakiwi mtu kuandika anakaa wapi. Na namba yake ya simu hii hapa.

Mama mkwe alimpakata mjukuu, akamfungua mdomo mwenyewe. Matone mawili. Wakampaka wino kidoleni.

Mei 2023 tulirudishwa Dzaleka. Siku hizi nikienda kituo cha afya napanga foleni na akina mama Wachewa wa vijiji vya jirani, maana kituo ni chetu sote. Sasa wenyeji ni wao, na wao pia wana maswali. Juzi mmoja aliuliza kuhusu sindano ya mwanawe, akajibiwa haraka haraka kwamba foleni ni ndefu. Akambeba mtoto, akaondoka.

Nilimfuata mpaka getini, nikamweleza kwa Kichewa changu kibovu. Alirudi. Lakini ninyi mnaoshika kisanduku cha barafu, msituachie sisi kazi hiyo peke yetu. Kaeni chini kwanza, mjibu.