Safu za PHP: kabati lililopangwa na wanafunzi

Haya wadau, leo siandiki habari za boom wala foleni ya chakula. Nimekuwa nasoma historia ya PHP, lugha inayoendesha tovuti kibao, na kilichonivuta zaidi ni safu, ile ambayo jamaa wa kompyuta wanaiita arei.

Safu ni kama kabati lenye droo. Kwenye lugha ya C droo zina namba tu: 0, 1, 2, basi. Kwenye PHP droo inaweza kuwa na namba au jina. Unaandika $alama["historia"] = 71, halafu ukitaka ile 71 unaiita kwa jina. Raha tupu!

Mwaka 1995 Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, alitoa vijiprogramu alivyojitengenezea kwa ajili ya ukurasa wake. Mwaka 1997 Andi Gutmans na Zeev Suraski, wanafunzi wa Technion kule Haifa, walivihitaji kwa kazi ya chuo, wakaona havitoshi, wakaviandika upya. Hiyo ndiyo PHP 3 ya mwaka 1998. Wanafunzi kama sisi jamani!

Sasa sikilizeni. Ili kupata droo haraka, PHP hugeuza jina kuwa namba. Majina mawili yakidondokea sehemu moja, yanafungwa mnyororo, na itabidi kukagua moja baada ya jingine. Desemba 2011, mjini Berlin, Alexander Klink na Julian Wälde walionyesha hatari yake: mtu anatuma fomu yenye majina aliyoyachagua makusudi ili yote yadondokee sehemu moja. Majina 1,000 yanadai karibu hatua 500,000. Majina 10,000, karibu milioni 50! Seva inahema, wengine wote wanasubiri, na wala hakuna nywila iliyoibiwa.

Januari 2012 ikatoka PHP 5.3.9 na dawa: fomu moja isipokelewe vitu zaidi ya 1,000. Mpaka leo huo ndio ukomo, labda mwenye seva aubadilishe.

Hapo ndipo sisi wa Ualimu tunaguswa. Chukua darasa la wanafunzi 120, masomo 9, kila alama na kisanduku chake kwenye fomu moja. Ni visanduku 1,080. Vya mwisho vinaachwa, na onyo linaweza kubaki kwenye kumbukumbu za seva ambazo mwalimu hazioni kabisa. Watakaoumia ni wa mkiani mwa orodha, na mwalimu ataapa alijaza zote, na kweli alijaza!

Kwa hiyo mwanafunzi akija kulia kwamba hana alama, tusikimbilie kusema hakufanya mtihani. Tuhesabu visanduku kwanza.

Naishia hapa, kesho kuna jaribio la Saikolojia. Niombeeni!