Mtihani wa Semina Haupimi Tiba

Semina nyingi za watumishi wa afya kuhusu malaria, kifua kikuu au UKIMWI huhitimishwa kwa namna ile ile. Alama za mtihani wa mwisho hulinganishwa na za siku ya kwanza, vyeti hugawiwa, na mfadhili huandikiwa kwamba mafunzo yamefanikiwa. Nashikilia kwamba alama hizo hazithibitishi mafanikio yoyote ya tiba. Zinapima kumbukumbu ya mshiriki, mgonjwa hayumo.

Kenneth Leonard na Melkiory Masatu, waliowachunguza matabibu mkoani Arusha, walionyesha pengo lililopo kati ya anachokijua tabibu na anachokitenda. Timu yao ilipoingia chumbani, tabibu aliuliza na kupima kwa makini zaidi. Baada ya wagonjwa kadhaa akarudia mazoea yake. Yaani ujuzi ulikuwapo tayari. Kumrudisha darasani tabibu huyo ni kumtibu maradhi asiyokuwa nayo.

Tathmini ninayoiona kuwa kielelezo ilifanyika Tanzania kati ya 1997 na 2002. Rufiji na Morogoro Vijijini, wilaya zilizokuwa zikitekeleza mkakati wa kuwafunza wahudumu kutibu magonjwa ya watoto kwa uwiano, zililinganishwa na Kilombero na Ulanga, ambako ulikuwa haujaanza. Watathmini walikwenda zahanati kumtazama mhudumu akiwa kazini. Mtoto wa miezi minane analetwa akikohoa: je, mhudumu amemwomba mama amfunue kifua, akahesabu pumzi kwa dakika nzima? Zikifika 50, mtoto huyo anahitaji dawa ya nimonia. Kisha mtaalamu mwingine alimpima mtoto upya, na mama akaulizwa atampaje dawa nyumbani.

Huduma ilionekana kuwa bora zaidi Rufiji na Morogoro Vijijini, na katika miaka miwili iliyofuata vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilikuwa pungufu kwa asilimia 13. Kitakwimu, tofauti hiyo peke yake ingeweza kuwa ya bahati tu. Inapata uzito kwa sababu hatua zilizoitangulia zilipimwa pia, moja baada ya nyingine. Tena wilaya hizo zilikuwa zimeimarisha upangaji wa bajeti na usimamizi wa vituo, kwa hiyo sifa yote haiwezi kupewa kozi.

Hilo linaafikiana na mapitio makubwa ya Alexander Rowe na wenzake ya mwaka 2018 kuhusu nchi za kipato cha chini na cha kati: mafunzo peke yake huinua utendaji kwa takriban pointi 10 za asilimia, na yakiambatana na usimamizi, takriban 18. Mkataba wa kila mradi basi utenge fedha za kuwarudia wahitimu vituoni mwao baada ya miezi sita, na tena baada ya mwaka. Anayekwenda aanzie stoo, aone kama dawa mseto na vipimo vya malaria vipo, kabla hajamhukumu muuguzi kwa kutofuata alichofundishwa.