Ngao ni Mlango, Si Gereza



Katika Waefeso 6:16 Paulo anatuhimiza kushika ngao ya imani. Neno la Kigiriki alilotumia linatokana na neno "mlango". Ni ngao kubwa kama ile ya askari wa Rumi: mbao zilizogundishwa tabaka juu ya tabaka, urefu wa kama mita moja.

Askari hao walipoukaribia ukuta wa adui, walijipanga kama kobe. Wa mbele waliweka ngao mbele, wa nyuma wakaziinua juu ya vichwa. Mawe na mishale viliishia kwenye mbao. Hakuna aliyejifunika peke yake. Palipobaki wazi kwako, ngao ya ndugu yako ilipaziba.

Lakini kobe huyo alikuwa na udhaifu. Alikwenda polepole, na aliye ndani hakuona mbali wala hakuweza kurusha mkono. Mwaka 53 kabla ya Kristo, pale Carrhae, jeshi la Crassus lilizungukwa na Waparthi, taifa lile tunalolisoma katika Matendo 2:9. Warumi walipobanana, wapanda farasi wenye mikuki waliwavamia. Walipoachana, mishale ikawapata. Plutarch aliandika kwamba 20,000 waliuawa.

Hata hapa Afrika Mashariki tuna somo hilo. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo karibu na Iringa, Wahehe wa Mkwawa walivizia kikosi cha Wajerumani kilichokuwa safarini katika mstari mrefu. Waliruka kwa mikuki na ngao, wakamfikia adui kabla hajajipanga. Kamanda wao, Zelewski, aliuawa pamoja na sehemu kubwa ya kikosi chake. Miaka mitatu baadaye, Wahehe walimngoja adui ndani ya ngome ya mawe ya Kalenga. Wajerumani walileta mizinga, na tarehe 30 Oktoba 1894 ngome ikaanguka. Ushujaa wa Wahehe haukupungua. Ila ukuta uliwaweka mahali pamoja, adui akajua pa kulenga.

Wapendwa, sisi watu wa Eastlands tunajua kujifungia. Geti la chuma, kufuli mbili, askari wa usiku. Hilo si kosa. Kosa ni pale kanisa nalo linapojifungia: tunakesha pamoja, tunaimba pamoja, tumebanana vizuri, na hatuoni nje.

Naungama hapa. Kijana mmoja wetu alikosa ibada Jumapili tatu. Kila mmoja alidhani mwenzake amempigia simu, hata mimi. Nilipomtafuta, alikuwa amezama kwenye deni la kamari. Akaniambia, "Pasta, hakuna aliyebisha mlango." Safu yetu ilikuwa na pengo wiki tatu, nasi tulikuwa tukiimba. Bado hajarudi, lakini sasa anapokea simu zangu.

Imani inayokukinga wewe tu ni nusu ya ngao. Simama karibu na ndugu yako, lakini usisimame hadi ukashindwa kutembea. Leo jioni, kabla hujafunga geti, taja jina la mtu mmoja ambaye hujamwona kwa muda. Kisha nenda ukabishe mlango wake.

Mungu awabariki. Kama umepata jina, andika AMINA, halafu uende.