Siri ya chuma iliyokaa zaidi ya miaka 60

Wasee, hebu angalia ugali kwenye sahani yako. Kama mahindi yalipandwa kwa mbolea ya dukani, kuna naitrojeni humo iliyopitia juu ya chuma kiwandani. Kwa miaka mingi hakuna aliyejua kwa hakika chuma hicho kiliifanyia nini.

Naitrojeni ni asilimia 78 ya hewa, lakini atomi zake hukaa mbili mbili, zimeshikana kama gundi. Mwaka 1909, Mjerumani Fritz Haber alionyesha kwamba ukiikandamiza na kuipasha moto pamoja na haidrojeni juu ya metali fulani, unapata amonia. Metali yake, osmiamu, ilikuwa adimu sana. Kwa hivyo Alwin Mittasch wa BASF akajaribu maelfu ya michanganyiko mpaka akapata chuma. Mwaka 1913 kiwanda cha Oppau kikaanza kazi.

Pesa ikaingia, mbolea ikatoka. Wanasayansi nao wakabaki wakibishana: je, atomi za naitrojeni huachana kwanza, ama hushika haidrojeni zikiwa bado pamoja?

Jibu lilikuja miaka ya 1970 kupitia Gerhard Ertl. Shida ilikuwa usafi, kwa sababu kwenye hewa ya kawaida uso wa chuma hufunikwa na gesi kufumba na kufumbua. Yeye akatumia chumba kilichonyonywa hewa karibu yote, kisha akapima atomi za naitrojeni zilizokaa juu ya chuma. Kila alipoongeza haidrojeni, zile atomi zilipungua. Yaani haidrojeni ilikuwa inazichukua moja moja. Zilikuwa zimeshaachana, na huko kuachana ndiko kunakochelewesha kazi yote.

Haber alipewa Nobel ya 1918. Ertl alisubiri hadi 2007, ikatangazwa siku aliyofikisha miaka 71.

Utasema, so what, chuma si bado ni kilekile? Ni kweli. Lakini kwa mbinu hizo hizo Ertl alieleza jinsi platina inavyogeuza monoksaidi ya kaboni, ile sumu ya moshi wa gari.

Mimi shuleni nilikariri kwamba kichocheo huharakisha mmenyuko, nikapata alama zangu, nikasonga. Sikuuliza kinaharakisha aje. Hapo ndipo tunajikosea: kitu kikifanya kazi, tunadhani tumeshakielewa.