Albamu na santuri

Albamu ni mkusanyiko wa nyimbo zilizotolewa pamoja kwa jina moja; santuri ni sahani yenyewe inayochezwa. Jina albamu lilitokana na vitabu vya kuhifadhia picha, kwa kuwa santuri za zamani, zenye wimbo mmoja kila upande, ziliuzwa kwa seti katika majalada ya namna hiyo.

Tofauti hiyo inaonekana vizuri kwa New Order, bendi ya mtindo wa new wave iliyoundwa Manchester, Uingereza, mwaka 1980 na wanamuziki wa Joy Division baada ya kifo cha mwimbaji wao, Ian Curtis. Mwaka 1983 ilitoa “Blue Monday” kwenye santuri ya inchi 12: zaidi ya dakika saba za ngoma za mashine na vinanda vya umeme, wimbo usiochuja hadi leo. Jalada, kazi ya mbunifu Peter Saville, lilifanana na diski ya kompyuta, na jina la wimbo likafichwa katika vipande vya rangi. Mwaka huohuo ikatoka albamu Power, Corruption & Lies, ambayo toleo lake la awali la Uingereza halikuwa na wimbo huo. Kwa hiyo “santuri ya Blue Monday” ni sahihi. “Albamu ya Blue Monday” si sahihi.