Anwani Inayoonekana na Anwani Iliyofichwa: Historia ya Kiungo katika Barua Pepe

Mapema miaka ya 1990, kabla Kenya haijapata intaneti kamili, barua pepe za mashirika yasiyo ya kiserikali zilipita katika mtandao wa FidoNet, ambamo kompyuta ya Environment Liaison Centre International jijini Nairobi ilipokezana barua na ile ya GreenNet jijini London kwa njia ya simu. Na kwa kuwa simu ya ng'ambo ilikuwa ghali, barua ziliandikwa kwa matini tupu, yaani herufi, tarakimu na alama za uandishi pasipo rangi wala picha.

Matini tupu haina kiungo hasa, bali ina anwani tu, na ni programu ya msomaji inayokisia kwamba maneno yanayoanza na http ni anwani, ikayapigia mstari ili yabofyeke. Mara nyingi ilikosea: anwani ndefu ilikatika mwisho wa mstari, au nukta ya kufunga sentensi ikahesabiwa kuwa sehemu yake. Ndiyo maana waraka wa kiufundi uitwao RFC 1738, uliotolewa Desemba 1994 na Tim Berners-Lee na wenzake, ulipendekeza anwani izungushiwe mabano yenye ncha.

HTML, lugha ya alama inayotumika kuunda kurasa za wavuti, ilienea katika barua pepe kwa programu kama Netscape Communicator ya mwaka 1997, ikamaliza tatizo la kukisia. Hata hivyo, ilitenganisha maneno yanayosomwa na anwani inayofunguliwa, hata tapeli akaweza kuandika jina la benki juu ya mlango wake mwenyewe. Hasara hiyo ni kubwa kuliko urembo wote uliopatikana.

Katika Bisil, mji wa soko la mifugo kwenye barabara ya Kajiado kwenda Namanga, mfugaji anayepata kiungo kwa ujumbe mfupi wa simu, ambao nao ni matini tupu yenye nafasi ya herufi 160, bado huiona anwani kabla ya kuibofya, isipokuwa pale ilipofupishwa makusudi. Akifungua barua ya HTML kwenye simu hiyohiyo, huona maneno tu, mpaka abonyeze kwa muda bila kuachia ndipo anwani ijitokeze. Kwa upande wa tapeli, sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu uhalifu wa mitandaoni humwadhibu anayehadaa watu kwa tovuti au ujumbe bandia kwa faini isiyozidi shilingi 300,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.