Songea Mbano

Songea Mbano (alifariki 1906) alikuwa nduna (mkuu chini ya mfalme) wa Wangoni wa Njelu, kusini mwa Tanzania ya leo, chini ya Nkosi (mfalme) Mputa Gama, na mmoja wa viongozi wa Vita vya Majimaji dhidi ya utawala wa Wajerumani. Wangoni waliingia vitani mwaka 1905. Baada ya kushindwa, wengi wao walinyongwa mjini Songea tarehe 27 Februari 1906, Mputa akiwemo, wakafukiwa katika kaburi moja la halaiki. Simulizi za Wangoni husema Songea alikataa kunusurishwa peke yake, akanyongwa baadaye, na kichwa chake kikapelekwa Ujerumani. Ni jeraha bichi hadi leo: kaburi lake lipo, lakini inaaminika fuvu halimo. Mji wa Songea una jina lake. Mwaka 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikutana hapo na wazao wake, akaomba msamaha na kuahidi kusaidia kulitafuta fuvu hilo.